Jina Lililokuwa Chini Yangu

Jumatatu, tarehe 6

Daftari hili mbele limejaa viuno na mabega ya wateja wangu. Nimeligeuza, nyuma naanza kuandika yangu mwenyewe, kwa sababu leo Msusi amesema mbele za watu kwamba maneno yangu yameyazidi masikio yake. "We mwanamke, andika basi! Karatasi haina kichwa cha kuuma." Haya, naandika.

Msusi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye anasuka, mimi nashona, na akitaka kuniita anagonga ukuta kwa kitana. Mwaka huu anagombea udiwani wa kata yetu. Ahadi yake ni moja tu: bomba. Mvua imeanza leo, maji yanapita mlangoni mbio kama yamechelewa kazini, lakini bomba la mtaa limekauka tangu mwaka juzi na wanawake bado wanavuka barabara kubwa na ndoo vichwani. Nimemwambia kura yangu aihesabu kabisa. Tena namshonea gauni la kuapishwa, la bluu, lenye kola, bure. Anasema nitamtia nuksi kushona mapema hivyo. Nikamwambia cherehani yangu haina nuksi. Maharusi wote niliowashonea waliolewa.

Majina ya wapiga kura yanabandikwa kesho shuleni, kila mtu aende akahakiki lake. Nitaenda kuliona langu na la mwanangu.

Jumanne, tarehe 7

Mvua kutwa. Sikutoka. Sare mbili za shule, zipu moja imenikorofisha.

Jumatano, tarehe 8

Nimerudi shuleni na hasira, mwandiko usomeke hivyo hivyo.

Kwanza nieleze. Mwanangu nilimpa jina makusudi, linaloanza kama langu, ili popote watakapotuita tuitwe pamoja. Na imekuwa. Tangu alipopiga kura ya kwanza, pale ukutani shuleni jina lake linakaa chini ya langu, hakuna mtu katikati. Hata alipooa akahamia ng'ambo ya mji, siku ya kura anakuja. Mimi mbele, yeye nyuma yangu kashika mwavuli, mkewe nyuma yake. Nami nageuka nawaambia watu: huyu mnayemwona ndiye fundi wa mashine za hospitali kuu. Ile mashine ya picha za mifupa ikizima, madaktari wote na makoti yao wanakaa kwenye benchi kumngoja yeye. Mwenyewe anasema, "Mama, jamani." Lakini anacheka. Tukimaliza anakula kwangu, analala kwenye kochi mpaka jioni, miguu imepita mwisho wa kochi. Sikukuu tunagawana na ukweni, magonjwa tunagawana, lakini siku ya kura ilikuwa yangu peke yangu.

Leo nimeweka kidole kwenye jina langu, nikakishusha. Chini yangu yuko muuza mkaa.

Nikasoma tena. Muuza mkaa. Nikamwendea karani, kijana wa kike mwenye kizibao cha njano na mashine yake ndogo. Nikamwambia, "Mwanangu, mmemfuta mtu muhimu." Nikampa namba ya kadi ya mwanangu, naijua kwa kichwa kuliko yangu. Akabonyeza, akabonyeza.

"Hajafutwa, mama. Amehama kituo."

"Amehamia wapi?"

Akanitajia ile shule iliyo nyuma ya nyumba ya Mama Vigae.

Mama Vigae ni mama wa mkwe wangu. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu siku ya kupeleka posa, kabla hata hatujakaa, alitutembeza tukaone vigae vya bafuni kwake. Vyeupe, vina maua pembeni. Alikuwa muuguzi, amestaafu, anaongea taratibu kama kila mtu ni mgonjwa. Kila nikimpigia mwanangu jioni, nasikia sauti hiyo nyuma ya simu. "Nani, mama? Msalimie sana." Nani kamwomba salamu?

Nimekata kola ya gauni la Msusi vibaya. Ikabidi nikate nyingine.

Alhamisi, tarehe 9

Nimempigia. "Mama, niko chini ya mashine, nitakupigia." Hakupiga.

Ijumaa, tarehe 10

Mvua. Hakupiga.

Jumapili, tarehe 12

Amepiga. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwa mpole, lakini nikasikia vyombo vinagongana na ile sauti inasema, "Mwongezee, huyu hajashiba." Kumbe anakula huko!

"Mama," akasema, "kuhusu kituo, nilitaka kukuambia mwenyewe. Unajua siku ile mimi niko..."

"Nimeshajua," nikasema. "Kule ni karibu na vigae."

"Mama, nisikilize."

"Nimesikiliza. Msalimie mama yako wa huko. Mwambie namshukuru kwa kukuongezea."

Nikakata. Nilikaa na simu mkononi nikingoja apige tena ili nisipokee. Alipiga, sikupokea. Halafu hakupiga tena, nikakasirika kwa hilo pia.

Jumanne, tarehe 14

Msusi anapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wakahakiki majina, maana uchaguzi uliopita nusu ya mtaa walifika kituoni hawamo. Buti zake zimejaa tope mpaka juu. Amechungulia dirishani kwangu.

"Wewe limeonekana?"

"Langu liko. Mimi sipotei."

"Na la fundi wa mashine?"

Nikajifanya nina pini mdomoni.

Usiku uliopita nimewaza kitu. Kama mtoto amehama, kinachomzuia mama kuhama ni nini? Kura ni kura. Nitampigia Msusi yangu nikiwa kule kule, nimesimama mbele ya mwanangu, na Mama Vigae aone mwavuli huo huwa unashikiwa nani.

Jumamosi, tarehe 18

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuhakiki na kuhama. Nimevaa gauni langu la maua, lile ambalo mkato wake watu wanauliza. Nimevuka mji mzima mvuani mpaka kwenye shule yao. Foleni ndefu, imejipinda kufuata ukuta. Na nani yuko pale mlangoni, kashika chupa ya chai anawamiminia makarani? Mama Vigae.

"Eh, dada! Umetembelea kwetu na mvua hii?"

"Sijatembelea. Nahama."

Hakushtuka hata kidogo. Akaniangalia pole pole kama anayepima joto, kisha akasema, "Karibu sana. Ngoja nikutafutie kiti." Akakileta kweli. Nilisimama makusudi, kiti kikakaa pembeni yangu muda wote kama mtu wa tatu.

Ilipofika zamu yangu, karani, mzee mwenye kikohozi, akauliza sababu ya kuhama. Nikasema nahamia kwa mwanangu, fundi wa mashine za hospitali kuu. Akasema hongera. Akanieleza jambo refu, akanionyesha kwenye skrini, lakini mimi nilikuwa naangalia dirishani, maana nje kulikuwa na kijana mrefu mwenye shati kama la mwanangu.

"Umeelewa, mama? Ukihama unahama na kata."

"Nimeelewa, baba."

Kijana akageuka. Hakuwa yeye. Nikabonyeza kidole pale nilipoambiwa.

Jioni mkwe wangu kapiga simu. "Mama, mama ameniambia unahamia kwetu! Nimeshatoa makabati kwenye kile chumba, kitanda nimekitandika. Unapenda mto mmoja au miwili?" Nimemwambia ni kwa ajili ya kura tu. Akasema, "Basi kitabaki kimetandikwa." Mtoto mzuri yule. Sijui kautoa wapi uzuri huo, si kwa mamake.

Jumapili, tarehe 19

Mvua, lakini mimi najisikia jua. Nimemaliza mikono ya gauni la Msusi.

Alhamisi, tarehe 23

Vifungo sita vya bluu. Msusi anasema watu wa juu ya mtaa wamemwahidi. Nimemwambia na wa chini tupo.

Jumatano, tarehe 29

Laiti nisingefungua mlango leo.

Mama Vigae amekuja dukani kwangu. Mwenyewe! Amebeba kitambaa cha kijivu, anataka suti ya sketi. Nikampima. Kiuno chake nimekiandika huko mbele, sitasema hapa, ila mimi ninacho kidogo kumzidi yeye na nina mwaka mmoja zaidi. Anakaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, anasifia mishono. "Mkwe wangu anasema hakuna mkono kama wa mama yake." Nikauliza, "Anasema hivyo kwako?" "Kila siku. Hata nikimshonea suruali kwa fundi wa kwetu anaigeuza ndani nje, anaguna." Nilitaka kufurahi, lakini neno "kila siku" likanichoma. Kila siku anakuwa huko?

Akasema, "Na sisi kule tuna wagombea udiwani watatu, wote wanaume, wote wameshanichosha. Wewe umeamua kumpa nani?"

"Mimi nampa Msusi."

"Msusi yupi?"

"Si huyu jirani yangu, ukuta huu hapa!"

Akaweka kikombe chini. "Dada," akasema kwa ile sauti ya wodini, "yeye ni wa kata hii. Wewe sasa ni wa kata yetu. Karatasi yako haitakuwa na picha yake."

Nikasikia kitana kinagonga ukuta. Msusi alikuwa ananiita nikalijaribu gauni mwilini mwake.

Nikamwambia Mama Vigae suti itakuwa tayari wiki ijayo. Nilipofunga mlango nilipiga namba ya ofisi ya uchaguzi iliyo nyuma ya kadi yangu. Binti aliyepokea ana adabu. Kuhama kumefungwa, mama. Hata kurudi? Hata kurudi, mama.

Alhamisi, tarehe 30

Sijamwambia.

Ijumaa, tarehe 1

Amejaribu gauni. Limemkaa kama alizaliwa nalo. Alijizungusha mbele ya kioo akasema, "Haki ya nani, hata nikishindwa nitaapishwa hivi hivi." Sijamwambia.

Jumapili, tarehe 3

Mvua imebomoa ngazi za bomba. Hakuna maji bombani, lakini ngazi zake zimechukuliwa na maji. Sijamwambia.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwambia.

Alikuwa peke yake, anafagia nywele sakafuni. Nilisema yote kwa pumzi moja, nilipomaliza sikujua kama nimeanza na mwanzo. Aliendelea kufagia mpaka kona ya mwisho, akaegemeza ufagio.

"Umehama ili usimame nyuma ya mwanao?"

"Mbele yake," nikasema.

"Mbele yake." Akatingisha kichwa. "Mimi nimetembea tope hili lote, nimewabembeleza wagonjwa, nimewabeba wazee mgongoni kwenda kuona majina yao. Nyumba moja tu sikuingia. Nyumba yako. Kwako nilisema, huyu wangu, sina haja."

"Nilidhani kura ni kura."

"Hukudhani. Ulikuwa na wivu. Wewe ukiwa na wivu huoni hata mlango." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Gauni acha hapo lilipofika."

Limebaki pindo tu.

Jumatano, tarehe 6

Ukuta haujagongwa.

Ijumaa, tarehe 8

Haujagongwa. Suti ya Mama Vigae nimeishona vizuri kupita kiasi, kwa hasira.

Jumatatu, tarehe 11

Mwanangu kapiga. Nimepokea. Sikuuliza kituo, yeye hakutaja. Tumeongea habari za mvua kama watu waliokutana kwenye mlango wa zahanati.

Jumatano, tarehe 13

Siku ya kura.

Nilifika kule asubuhi, mvua ya manyunyu. Majina ya mwisho yamebandikwa ukutani, yamefunikwa nailoni. Nikatafuta langu. Lipo! Nikashusha kidole nimpate mwanangu chini yangu, kama zamani. Yupo. Lakini katikati yetu, jamani, katikati yetu yuko Mama Vigae. Herufi zake zimeangukia hapo hapo. Jina la darasani la mtu huyu sikuwahi kulijua mpaka leo, na nimelijulia pale, kwa picha yake iliyo kando.

Alikuwa ameshanishikia nafasi kwenye foleni. Amevaa suti yangu ya kijivu. Watu wanamuuliza kaishonea wapi, naye ananionyesha kwa kidole, "Kwa huyu, dada yangu." Nikashindwa hata kumkasirikia.

Kisha mwanangu akatokea, anakimbia, sare ya hospitali imelowa mabegani. Askari wa mlangoni alishaambiwa, wafanyakazi wa zamu wanapitishwa mbele. Akaja akanikumbatia.

"Mama, nilitaka kukwambia ile siku, ukanikatia simu. Niko zamu leo mpaka usiku. Hapa ni karibu na hospitali, kule kwako nisingewahi. Ndiyo maana nilihama. Sasa wewe umehama kwa nini?"

Nilitafuta jibu lenye heshima.

"Nilitaka tuwe pamoja kwenye foleni."

Akanitazama, akatazama foleni, akaangua kicheko, halafu akaona uso wangu akaacha. "Mama, jamani." Akaingia, akapiga, akatoka na wino kidoleni. Aliniwekea mwavuli mkononi. Kuna mashine ya oksijeni imegoma, wanamngoja. Sikupata hata nafasi ya kumwambia mtu wa mbele yangu yeye ni nani. Muda wote huo hata kikombe cha chai kisingepoa.

Tukabaki mimi na Mama Vigae na mwavuli mmoja. Foleni haisogei. Akasema, bila kuniangalia:

"Mimi nimekuwa nikipiga kura peke yangu."

"Una binti."

"Ninaye. Tangu aolewe, siku ya kura anamfuata mumewe kwako. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni anasimulia: mama kapika hiki, mama kawaambia watu hivi kwenye foleni, watu walicheka. Nikamchukia mtu ambaye hajanikosea. Mwaka huu nilipoambiwa wamehamia hapa, nilikwenda kuwapa makarani chai kwa furaha." Akacheka kidogo. "Na leo binti yangu yuko safari ya kikazi. Mungu naye ana yake."

Mimi nilidhani wivu huu ni mali yangu, kumbe kulikuwa na mwingine kauhifadhi nyuma ya vigae miaka yote hii. Nilimsogezea mwavuli. Sio sana. Ulimfika bega.

Ndani, karatasi ya udiwani ilikuwa na wanaume watatu. Niliwaangalia mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba ndoo. Niliikunja bila alama, nikaitumbukiza hivyo.

Ijumaa, tarehe 15

Matokeo ya kata yetu, yaani ile niliyoihama, yametoka. Msusi ameshindwa kwa kura tisa.

Tisa. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikiwa nimefunga mlango. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hata redio. Halafu ukuta ukagongwa kwa kitana.

Nilikwenda. Amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu kwenye beseni la maji moto. Hakuniambia nikae, nikakaa.

"Nisamehe," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimekufanya ushindwe."

Akasugua kisigino ndani ya beseni. "Hata ungenipa wewe, ningeshindwa kwa nane," akasema. "Acha kujipa umuhimu."

Sikujua nicheke au nilie. Akasema, "Hao nane wengine sijui wamehamia kwa wakwe gani." Hapo tukacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, naye akalia katikati ya kucheka, nikamfuta uso kwa pindo la gauni langu.

"Lete lile la bluu," akasema.

"La kuapishwa?"

"Si limeshashonwa?"

Jumapili, tarehe 17

Mvua imeisha. Asubuhi Msusi amekwenda kuchota maji ng'ambo ya barabara kavaa gauni la bluu, kola imesimama, vifungo sita, ndoo kichwani. Wanawake wamempisha mbele, amekataa, kapanga foleni. Pindo nimelimaliza jana. Ndani nimeacha kitambaa cha kutosha kuliongeza, maana miaka mitano mtu hunenepa, naye atagombea tena. Nimeshamwambia. Anasema namtia nuksi.

Mwanangu kaja bila siku ya kura wala msiba, peke yake. Amekula, amelala kwenye kochi, miguu imepita mwisho. Alipoamka akasema, "Mama, daftari la wapiga kura likifunguliwa tena nitarudi kwako. Nitaomba wanibadilishie zamu."

Nimengoja neno hilo mwezi mzima na zaidi. Nililisikia, nikalizungusha mdomoni kama peremende.

"Mimi narudi," nikamwambia. "Siku ya kwanza kabisa, Msusi ameapa kunipeleka kanishika mkono. Wewe na mkeo bakini kule."

"Nani atasimama nyuma yako?"

"Muuza mkaa." Akacheka. Nikaongeza, "Mama mkwe wako naye asimame na mtu."

Akanishika mkono, akasema nimekuwa mtu mzuri. Nikamwambia nilikuwa mzuri tangu zamani, waulize watu. Na nikamwambia kila Jumapili aje hapa kula, kila Jumapili, na huko kwa vigae mtu akitaka kumwongezea chakula, aseme ameshashiba.